Washirika Wamoja, Macho Tofauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ulaya na Urusi

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, wasikilizaji na wasomaji wa habari za dunia wamekuwa wakiuliza maswali yale yale. Kwa nini Poland inapiga kelele hivyo? Hungary iko upande gani? Uturuki ni rafiki wa nani? Huku kwetu tumezoea kusema "nchi za Magharibi" kama vile ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Si kweli, na anayezisoma habari hivyo hupitwa na mengi. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye utata.

## Mambo ya msingi

Ni nchi zipi hasa zinazozungumziwa hapa?

Ni zile zilizo katika NATO, katika Umoja wa Ulaya, au kote kuwili. NATO ni muungano wa kijeshi ulioanzishwa tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12. Sasa zimefika 32, na ya mwisho kuingia ni Sweden, Machi 2024. Umoja wa Ulaya una nchi 27, na shughuli zake kubwa ni soko, sheria na fedha. Nchi 23 zimo kote kuwili. Austria, Ireland, Malta na Cyprus zimo katika Umoja wa Ulaya peke yake. Marekani, Uingereza, Kanada, Norway na Uturuki ni wanachama wa NATO lakini si wa Umoja wa Ulaya.

Jambo hili linaleta mkanganyiko mkubwa. Vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Urusi hupitishwa na Umoja wa Ulaya, au na nchi moja moja kama Marekani na Uingereza. NATO haiweki vikwazo. Ndiyo maana Uturuki inaweza kununua mafuta ya Urusi mchana kweupe bila kuvunja kanuni yoyote ya muungano wake.

Kama ni washirika, kwa nini hawaioni Urusi kwa jicho moja?

Kwa sababu walichokubaliana ni kulindana. Hawakukubaliana nani apendwe na nani aogopwe. Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO kinasema kwamba shambulio dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote, lakini hakimtaji adui. Kimewahi kutumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, na walioshambulia siku ile hawakuwa Warusi.

Ukitaka kuelewa msimamo wa nchi yoyote kati ya hizi, uliza kwanza: Urusi, au Umoja wa Kisovieti kabla yake, iliwahi kuwafanyia nini watu hawa nyumbani kwao? Kisha uliza mpaka uko umbali gani, gesi na umeme vinatoka wapi, na nani yuko madarakani. Mimi naamini kumbukumbu ndiyo yenye uzito kuliko yote. Hata hivyo, kesi ya Hungary, iliyoelezwa hapo chini, inaonyesha kwamba mwanasiasa hodari anaweza kuigeuza hata kumbukumbu.

Je, kuna nchi ya NATO inayounga mkono uvamizi wenyewe?

Hapana. Katika kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022, wanachama wote wa NATO wa wakati huo waliulaani uvamizi, Hungary na Uturuki zikiwemo. Wanachobishania ni kifanyike nini baada ya kulaani: silaha ngapi zipelekwe, vikwazo viwe vikali kiasi gani, mazungumzo na Moscow yaanze lini, na nani alipe gharama.

## Waliowahi kuwa chini ya Moscow

Kwa nini Estonia, Latvia na Lithuania ni wakali kuliko wote?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nchi hizi tatu za pwani ya Bahari ya Baltiki zilikuwa huru hadi 1940, jeshi la Kisovieti lilipoingia na kuzimeza. Msingi ulikuwa umewekwa mwaka mmoja kabla, tarehe 23 Agosti 1939, Moscow na Berlin ya Hitler zilipogawana eneo hilo kwa siri.

Kilichofuata hakijasahaulika katika familia yoyote huko. Mwezi Juni 1941 watu walitolewa vitandani usiku, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia. Machi 1949 zoezi likarudiwa, kubwa zaidi: watu wapatao 90,000 kutoka nchi hizo tatu walihamishwa ndani ya siku chache, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wapo hadi leo waliopanda mabehewa yale wakiwa watoto. Kwa hiyo waziri wa Estonia anaposema "tunawajua Warusi", anazungumzia maisha ya mama yake au bibi yake.

Uhuru ulirudi kwa shida. Tarehe 23 Agosti 1989, miaka 50 kamili tangu mapatano yale ya siri, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono wakaunda mnyororo kutoka Tallinn kupitia Riga hadi Vilnius, umbali wa zaidi ya kilomita 600. Januari 1991 vifaru vya Kisovieti vilishambulia mnara wa televisheni mjini Vilnius na watu 14 wakafa. Septemba mwaka huo Moscow ikakubali yaishe. Mwaka 2004 nchi zote tatu ziliingia NATO na Umoja wa Ulaya, na tangu hapo zimekuwa zikijitenga na Urusi hatua kwa hatua. Lithuania ilileta meli ya kupokelea gesi bandarini Klaipėda mwaka 2014, na mwezi Februari 2025 nchi zote tatu zilijitoa katika gridi ya umeme waliyokuwa wakiichangia na Urusi na Belarus tangu enzi za Kisovieti.

Lakini si kuna Warusi wengi wanaoishi huko huko?

Wapo, na hili ni moja ya mambo nyeti kuliko yote. Latvia, karibu robo ya wakazi ni wenye asili ya Kirusi. Wengi ni watoto na wajukuu wa watu walioletwa kufanya kazi viwandani enzi za Kisovieti.

Mji wa Narva, mashariki kabisa ya Estonia, unaonyesha hali hiyo kwa karibu. Karibu wakazi wote huzungumza Kirusi. Mto mwembamba unaoubeba jina la mji ndio mpaka, na ngome mbili za kale zinatazamana juu ya maji: ya Narva upande huu, ya Ivangorod upande wa Urusi, zimekaribiana kiasi cha mtu kuwaona waziwazi wanaotembea ng'ambo. Kila tarehe 9 Mei, siku ambayo Urusi huadhimisha ushindi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, upande wa Ivangorod hupangwa tamasha na skrini kubwa iliyoelekezwa Narva. Tangu 2023, makumbusho ya Narva hujibu kwa kutundika ukutani mwa ngome yao bango kubwa linalomwita Putin mhalifu wa kivita. Wakazi husimama kando ya mto, wengine wakitazama tamasha la ng'ambo, wengine wamekasirika kwa sababu ya bango, wengine wanaliunga mkono.

Kuzungumza Kirusi hakumfanyi mtu kuwa wa Putin. Wapo waliojitolea kuwapokea wakimbizi wa Ukraine, na wapo wanaomwamini Putin kwa sababu maisha yao yote wametazama televisheni ya Moscow. Serikali za Baltiki zimekuwa zikibana: shule zinahamishiwa lugha za taifa, na kifaru cha ukumbusho kilichokuwa Narva kiliondolewa Agosti 2022. Naelewa hofu yao, lakini naona pia hatari ya kumfanya mzee wa Narva ajione mgeni katika mji aliozaliwa.

Poland inaogopa nini, ilhali ni nchi kubwa yenye jeshi kubwa?

Poland iliwahi kufutwa kwenye ramani. Kati ya 1772 na 1795 Urusi, Prussia na Austria ziliigawana mara tatu hadi ikaisha, na haikurudi mpaka 1918. Tarehe 17 Septemba 1939, ikiwa bado inapigana na Wajerumani upande wa magharibi, jeshi la Kisovieti liliivamia kutoka mashariki. Mwaka uliofuata mateka wa Kipoland wapatao 22,000, wakiwemo maafisa wa jeshi na polisi, walipigwa risasi Katyn na kwingineko. Kwa karibu miaka 50 Moscow iliwasingizia Wajerumani, hadi ilipokiri mwaka 1990. Uongo huo uliwaumiza Wapoland pengine sawa na mauaji yenyewe, kwa sababu kwa miaka hiyo yote familia hazikuruhusiwa hata kusema hadharani nani aliwaua wapendwa wao.

Ndiyo maana leo Poland inatumia zaidi ya asilimia 4 ya pato la taifa kwa ulinzi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2025, droni za Urusi zilipoingia anga lake na baadhi zikadunguliwa, Warsaw iliomba mara moja mashauriano ya washirika chini ya Kifungu cha 4 cha mkataba wa NATO.

Hata hivyo, kuiogopa Urusi hakuifanyi Poland ikubaliane na Ukraine kwa kila kitu. Mwaka 2023 wakulima wa Poland waliandamana dhidi ya nafaka rahisi ya Ukraine, na serikali ikaizuia isiuzwe nchini humo.

Hungary nayo ilivamiwa na Wasovieti. Mbona iliishia kuelewana na Moscow?

Swali zuri kuliko yote katika mada hii. Oktoba 1956 Wahungaria waliasi. Waliikata nembo ya kikomunisti katikati ya bendera yao, wakaandamana na bendera zenye tundu. Vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest, Wahungaria wapatao 2,500 wakafa na wengine 200,000 wakaikimbia nchi. Tarehe 16 Juni 1989, katika mazishi mapya ya Imre Nagy, waziri mkuu aliyenyongwa kwa sababu ya maasi hayo, kijana mmoja alisimama mbele ya umati akataka majeshi ya Kisovieti yaondoke. Jina lake ni Viktor Orbán.

Orbán huyo huyo, aliporudi madarakani mwaka 2010, alijenga uhusiano wa karibu na Putin. Sababu ya kwanza ni nishati. Mtambo wa nyuklia wa Paks, wenye vinu vinne vya Kisovieti, huzalisha karibu nusu ya umeme wa Hungary, na mwaka 2014 kazi ya kuupanua ilipewa kampuni ya Kirusi, Rosatom, kwa mkopo wa Urusi wa hadi euro bilioni 10. Septemba 2021 ukasainiwa mkataba wa gesi wa miaka 15 na Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi. Nchi isiyo na bahari haina bandari ya kuagizia gesi kwa meli, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake.

Sababu ya pili ni jeraha la aina nyingine. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliinyang'anya Hungary sehemu kubwa ya ardhi yake, na leo kuna Wahungaria wanaoishi magharibi mwa Ukraine. Ukraine ilipobana matumizi ya lugha za wachache mashuleni mwaka 2017, Budapest ililichukulia kama ugomvi wa kifamilia.

Ya tatu ni siasa. Kila kura ambayo Orbán angeweza kuizuia ilikuwa na bei wakati wa kuzungumzia fedha zake zilizozuiliwa na Umoja wa Ulaya. Hapa ndipo ninapomlaumu: kijana wa 1989 alijua vizuri kifaru cha kigeni kinafanana na nini barabarani, na hakuwa na haki ya kuwaambia Waukraine kwamba vifaru vilivyoingia kwao ni suala la majadiliano.

Je, basi tofauti hizi ni za mrengo wa kulia na wa kushoto?

Hapana. Chama cha Sheria na Haki kilichoitawala Poland hadi 2023 na chama cha Orbán vilikuwa ndugu: wahafidhina wote, wenye ugomvi na Brussels, yaani makao makuu ya Umoja wa Ulaya, wanaotetea dini na kupinga wahamiaji. Urusi ndiyo iliyowatenganisha. Robert Fico wa Slovakia, aliyerudi madarakani Oktoba 2023, akasitisha misaada ya kijeshi ya serikali kwa Ukraine na kwenda Moscow kuonana na Putin, anatoka chama kinachojiita cha mrengo wa kushoto. Jirani zake wa Czech, ambao vifaru vya Kisovieti viliingia Prague mwaka 1968 walipokuwa bado nchi moja na Slovakia, ndio walioongoza mwaka 2024 mpango wa kuitafutia Ukraine makombora ya mizinga duniani kote.

Bulgaria na Ugiriki zinaipenda Urusi kwa sababu ya dini ya Orthodox?

Dini imo, lakini historia imo zaidi. Jeshi la Urusi lilisaidia kuikomboa Bulgaria kutoka kwa Waturuki mwaka 1878, na sikukuu yao ya taifa, tarehe 3 Machi, inatokana na vita hivyo. Ugiriki nayo inakumbuka meli za Urusi zilizopigana na Waturuki pamoja na za Uingereza na Ufaransa huko Navarino mwaka 1827. Kwao Mrusi aliwahi kuja kama mkombozi.

Lakini mapenzi hayo yana mipaka. Gazprom iliikatia Bulgaria gesi Aprili 2022 kwa kukataa kulipa kwa ruble, sarafu ya Urusi, na mnara wa jeshi la Kisovieti mjini Sofia ulianza kubomolewa Desemba 2023, huku baadhi wakishangilia na wengine wakilia.

## Wakubwa wa magharibi na majirani wa kaskazini

Kwa nini Ujerumani ilitegemea gesi ya Urusi licha ya kuonywa?

Kwa sababu iliamini kwamba biashara huleta amani, na kwa muda mrefu imani hiyo ilionekana kufanya kazi. Willy Brandt alianza sera ya kuzungumza na mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, mabomba ya gesi yakafuata, na mwaka 1990 nchi iliunganishwa bila risasi kufyatuliwa. Juu ya hayo kuna hatia: Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita iliyoanzishwa na Ujerumani. Tatizo ni kwamba deni hilo mara nyingi lilihesabiwa kwa Urusi peke yake, ilhali Ukraine na Belarus ndizo zilizokanyagwa zaidi na vita ile.

Bomba la Nord Stream lilifunguliwa 2011, likipita chini ya bahari ili kuzikwepa Poland na Ukraine. Radosław Sikorski, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Poland mwaka 2006, alikuwa amelifananisha mwaka huo na mapatano ya 1939 kati ya Hitler na Stalin. Berlin ilichukizwa. Hata baada ya Urusi kuitwaa rasi ya Crimea kutoka Ukraine mwaka 2014, bomba la pili, Nord Stream 2, lilijengwa, na kufikia 2021 zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa na Ujerumani ilitoka Urusi.

Siku tatu baada ya uvamizi, Kansela Olaf Scholz alitangaza bungeni mfuko wa euro bilioni 100 kwa jeshi. Aprili 2022 Rais Frank-Walter Steinmeier alikiri kwamba kushikilia Nord Stream 2 lilikuwa kosa. Septemba mwaka huo Ursula von der Leyen, Mjerumani anayeongoza Kamisheni ya Ulaya, alisema hadharani kwamba wangepaswa kuwasikiliza Wapoland na watu wa Baltiki. Nalitaja hili kwa sababu ndilo funzo halisi la miaka 20: waliokuwa karibu na moto waliambiwa wana chuki za kale, na kumbe walikuwa wanasema tu walichokiona.

Leo Ujerumani inaweka brigedi nzima nchini Lithuania, ya kukaa huko kwa kudumu.

Ufaransa je? Macron alikuwa akimpigia simu Putin, baadaye akazungumzia kupeleka wanajeshi.

Ufaransa imependa tangu enzi za Charles de Gaulle, aliyeiondoa katika kamandi ya kijeshi ya NATO mwaka 1966, kujiona dola inayozungumza na kila mtu bila kuomba ruhusa Washington. Safari ya Macron kwenda Moscow tarehe 7 Februari 2022, alipokalishwa kwenye ncha ya meza ndefu mbali na Putin, ilitokana na desturi hiyo. Mwezi Juni alisema Urusi isidhalilishwe, na Kyiv ikakasirika. Februari 2024 akasema kupeleka wanajeshi Ukraine ni jambo lisiloweza kuondolewa mezani. Huyu ni mtu aliyejaribu mazungumzo kwa dhati, akadanganywa, akabadilika.

Kwa nini Uhispania haina haraka?

Jiografia. Madrid inatazama kusini: Morocco, Sahel, boti za wahamiaji. Mwaka 2024 ilitumia karibu asilimia 1.3 ya pato lake kwa ulinzi, ya chini kuliko zote katika NATO, na wakuu wa nchi walipokutana The Hague Juni 2025 na kuweka lengo la asilimia 5 ifikapo 2035, Waziri Mkuu Pedro Sánchez alisema nchi yake itatimiza wajibu kwa kiasi kidogo zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Finland ilikaa pembeni miaka yote. Nini kilibadilika?

Finland haikuwahi kuipenda wala kuidharau Urusi, iliisoma. Ilipigana nayo katika majira ya baridi ya 1939 hadi 1940, ikapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi, na zaidi ya watu 400,000 wakahama makwao. Kisha ikaishi kwa tahadhari kando ya mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300, ikifanya biashara na Moscow na kuepuka kuichokoza, huku kila kijana wa kiume akipitia jeshini na mahandaki ya kujikinga yakichimbwa chini ya Helsinki. Februari 2022 ilipoona jirani mwingine wa Urusi asiye mwanachama wa muungano wowote akivamiwa, maoni ya wananchi yaligeuka ndani ya wiki chache. Bunge lilipiga kura 188 kwa 8 kuomba kuingia NATO, na ikaingia tarehe 4 Aprili 2023. Sweden, iliyokuwa haijaingia vitani kwa zaidi ya miaka 200, ilifuata.

## Jinsi maamuzi yanavyofanyika

Nchi moja inaweza kuwazuia wote?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. NATO huamua kwa makubaliano ya wote, na vikwazo vya Umoja wa Ulaya vinahitaji kauli moja, tena vingi huhuishwa kila baada ya miezi sita. Ndipo biashara ya nipe nikupe hufanyika. Mafuta ya Urusi yalipopigwa marufuku mwaka 2022, yale yanayopita kwenye bomba la Druzhba yaliachwa kwa ajili ya Hungary, Slovakia na Czech. Almasi za Urusi, zilizokuwa zikiuzwa Antwerp nchini Ubelgiji, hazikuguswa hadi 2024.

Njia za kuzunguka pia zipo. Desemba 2023, wakati wa kuamua kuanza mazungumzo ya kuiingiza Ukraine, Orbán alitoka chumbani, na waliobaki wakaamua. Ubelgiji, isiyo na huruma yoyote kwa Moscow, nayo ilipinga kwa muda mrefu kuzigusa mali za Urusi zilizozuiliwa Brussels, karibu euro bilioni 190, kwa hofu kwamba ingebaki peke yake na kesi mahakamani.

Nikisoma "NATO imesema", nani hasa amesema?

Angalia jina. Katibu Mkuu huzungumza kile ambacho wote 32 wanaweza kukivumilia, kwa hiyo lugha yake huwa laini. Waziri wa Lithuania husema cha Lithuania. Tamko la mkutano wa wakuu wa nchi ndilo lenye uzito, na kila neno humo limegombaniwa.

## Maswali yenye utata

Uturuki iko upande gani?

Upande wa Uturuki. Iliidungua ndege ya kivita ya Urusi Novemba 2015, kisha ikanunua mitambo ya kujikinga na ndege na makombora ya S-400 kutoka Urusi hiyo hiyo, iliyowasili Julai 2019, na Marekani ikaitoa katika mpango wa ndege za F-35. Rosatom inaijengea mtambo wa nyuklia huko Akkuyu. Wakati huo huo droni zake za Bayraktar zilivichoma vifaru vya Urusi nchini Ukraine, na kwa kutumia Mkataba wa Montreux wa 1936 ilizifungia meli za kivita njia ya kuingia Bahari Nyeusi.

Kwetu tumefaidika na msimamo huu. Mapatano ya nafaka ya Istanbul ya tarehe 22 Julai 2022 yasingewezekana bila mtu anayeweza kuketi na pande zote mbili, na ngano iliyotoka ilisaidia kupunguza makali ya bei katika masoko ya dunia, yakiwemo tunayonunulia sisi. Urusi ilijitoa Julai 2023.

Msimamo wa serikali ni msimamo wa wananchi?

Mara nyingi sivyo. Mashariki ya Ujerumani, iliyokuwa chini ya Wasovieti, ina watu wengi zaidi wanaotaka maelewano na Moscow kuliko magharibi yake, kinyume na ambavyo ungetarajia baada ya kusoma majibu ya Poland na Baltiki. Italia, Waziri Mkuu Giorgia Meloni ameiunga mkono Ukraine akiwa serikalini pamoja na Matteo Salvini, aliyewahi kuvaa fulana yenye picha ya Putin.

Na Marekani yenyewe ikibadilika?

Hili ndilo lililowatikisa wote. Tarehe 24 Februari 2025, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Marekani ilipiga kura ya hapana pamoja na Urusi dhidi ya azimio la Ulaya kuhusu Ukraine. Siku nne baadaye Rais Trump alizozana na Zelensky mbele ya kamera. Kwa Ufaransa, iliyosema miaka yote kwamba Ulaya ijitegemee, ilikuwa uthibitisho. Kwa Poland na Baltiki ilikuwa uchungu, kwa sababu usalama wao wote waliujenga juu ya Washington.

Haya yapo Ulaya tu, au hata kwetu?

Hata kwetu. Katika kura ile ya tarehe 2 Machi 2022, Kenya na Rwanda ziliulaani uvamizi; Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Kongo, iliyokuwa inakaribia kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliulaani. Siku chache kabla, balozi wa Kenya Martin Kimani alikuwa ameliambia Baraza la Usalama kwamba Waafrika nao walirithi mipaka iliyochorwa mbali na kwao, wakachagua kuiheshimu badala ya kupigana kuirekebisha. Upande wa pili yupo mzee wa Dar es Salaam anayekumbuka silaha za Kisovieti zikienda kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wote wawili wanasema kweli waliyoiona.

Tena haikuanza juzi. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana Aprili 1964, Zanzibar ilikuwa tayari inaitambua Ujerumani Mashariki, na Tanganyika ilikuwa rafiki wa Ujerumani Magharibi. Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ilitaka ile ya Mashariki ifukuzwe. Nyerere alitafuta njia ya kati: ubalozi wa Ujerumani Mashariki ulioko Zanzibar ufungwe, nayo iachiwe ofisi ya konseli Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, na Nyerere akaiambia ichukue na misaada mingine ya serikali iliyobaki.